Mitambo Mitatu Mizanini

Barua ilipenyezwa chini ya mlango wa chumba namba tisa Jumatatu asubuhi. Bibi Mizani husoma polepole, kidole kikitangulia na macho yakifuata, kwa hiyo alipofika mstari wa mwisho chai ilikuwa imeshapoa.

Ilikuwa barua ya katibu wa soko. Ilisema mizani zote za chemchemi, zile za kuning'inia zenye uso kama wa saa na mshale mmoja, zitaondolewa sokoni na badala yake zitaletwa mizani za betri. Ilisema imethibitika kwamba mizani za chemchemi zinapunja wateja. Ilisema tena, kwa lugha laini ya mtu anayekukanyaga huku anakuomba radhi, kwamba chumba namba tisa kitakuwa hakina kazi na kwa hiyo kitakabidhiwa wakala wa hizo mizani mpya. Kamati itakaa Alhamisi saa tisa alasiri kupiga kura. Na pale ambapo barua za zamani ziliandika nani amechunguza na lini, hii iliandika neno moja tu: mtandao.

Aliirudia mara ya pili. Haikubadilika.

Miaka thelathini na moja alikuwa akitengeneza mizani ndani ya chumba kile. Marehemu mume wake ndiye aliyeanza, yeye akimshikia taa na kufuta mafuta. Mume alipofariki watu walidhani atafunga virago arudi kwao. Hakufunga. Msiba ulipokwisha alifungua mlango, akavaa koti la marehemu lililomfika magotini, akamwambia mteja wa kwanza alete mzigo wake. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika soko zima. Hata wifi yake, muuza vitunguu wa mstari wa tatu, aliyekula naye sahani moja tangu ujana, alimwita Bibi Mizani kila alipotaka kumchokoza, na hamu ya kumchokoza ilimjia kila siku ya Mungu.

Chumba chenyewe kilikuwa hatua nne kwa tano. Nondo nene ilipita juu, ina kulabu sita. Chini yake benchi, na juu ya benchi makopo ya chemchemi zilizopangwa kwa urefu, tupa tatu, chupa ya mafuta ya cherehani, na sanduku la mbao ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Ndani yake yalilala mawe ya mizani ya shaba, kuanzia la kilo tano hadi la gramu kumi, kila moja kwenye tundu lake. Aliyashika kwa kitambaa, maana jasho la kidole nalo lina uzito. Mizani yoyote ikiletwa, hata kabla hajaifungua, aliitundika na kuipa jiwe. Hakuanza kamwe na mzigo asioujua. Mizani ikisema kilo mbili kwa jiwe la kilo mbili, basi wanaelewana. Ikisema vingine, alijua inaegemea wapi na kwa kiasi gani, na kutoka hapo kazi ilikuwa ni bisibisi na subira.

Siku ileile alimfuata katibu ofisini kwake. Katibu alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina ncha, heshima tele. Alisimama, akatoa shikamoo, akafuta kiti kwa kiganja kabla ya kumkaribisha. Wala hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Bibi Mizani, maana mtu mbaya ni rahisi kumjibu. Akamgeuzia simu aone mwenyewe. Alikuwa ameuliza: kwa nini mizani za chemchemi zinapunja? Na simu ikamletea majibu kumi, yamepangana kama matofali, yote yakieleza kwa nini zinapunja.

"Bibi, si mimi ninayesema," alimwambia kwa sauti ya chini. "Ingekuwa mimi ningenyamaza. Ni mtandao."

Bibi Mizani alizoea kubishana na watu wenye mdomo. Aliitazama ile simu akitafuta mahali pa kuanzia, asipaone. Akaaga akaondoka, akaenda moja kwa moja kwa mjukuu wake.

Mjukuu wake alikuwa msusi, ana viti vitatu na kioo kikubwa nyuma ya soko, mtu mzima na kazi yake. Alisikiliza kisa chote akiwa ameuma kichana, mikono haikusimama kichwani mwa mteja. Alipomaliza ule msuko alikitoa kichana mdomoni, akasema tatizo si mtandao, tatizo ni mlango ambao katibu anaingilia. Katibu anatumia ule mtambo wa kutafutia uliokuja na simu, ule unaotumiwa na kila mtu, na ule humpa kipaumbele anayelipa. Yeye mwenyewe aliukimbia mwaka jana, baada ya kuuliza mara moja tu dawa ya mba ukamfuata na matangazo ya mba mwezi mzima mpaka wateja wakaanza kumtazama kichwani. Sasa anatumia mwingine, mdogo, hauna makeke.

"Hebu ona, mke mwenzangu," akamwambia bibi yake, akaandika: fundi mizani bora.

Wa kwanza kabisa kutokea alikuwa Bibi Mizani. Picha yake, miwani imeshuka puani, kulabu nyuma yake, na chini maneno mazuri ya sifa. Mjukuu ndiye aliyeipiga picha ile na kuipandisha, mwaka juzi. Bibi Mizani aliitoa miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena. Bado alikuwa wa kwanza.

Basi siku hiyo alirudi sokoni kifua mbele. Alimsimulia muuza mchele, akamsimulia fundi viatu, akamsimulia wifi yake mara mbili. Shauri lake alishalikata: Alhamisi atakwenda na simu ya mjukuu, katibu akisema mtandao umesema, na yeye atasema mtandao umesema, na wa kwake umemtaja kwa jina na picha. Wakaanza kuipa ile mitambo majina, kama inavyokuwa sokoni. Wa katibu ukaitwa Mkubwa. Wa mjukuu ukaitwa Mdogo. Mstari wa vitunguu ukagawanyika, wa huku Mkubwa na wa kule Mdogo, kama watu wenye timu zao, na waliokuwa hawana hata simu walikuwa ndio wenye kelele zaidi.

Jumatano mchana wifi akaja na mizani yake ya vitunguu begani na uso wa mtu aliyebeba habari. Hakukaa. Alisema naye amemwomba msusi amwekee ule Mdogo kwenye simu yake, asibaki nyuma, na jana yote amekuwa akimtafuta wifi yake humo. Ameandika fundi mizani bora, vilevile herufi kwa herufi.

"Wewe humo," akasema. "Nimeshuka mpaka ukurasa wa tatu, kidole kimeota sugu. Yumo hata tabibu wa mawe ya figo, wewe humo."

Bibi Mizani akafikiri anataniwa, kama kawaida. Akaishika ile simu mwenyewe, akashuka na kidole chake, polepole, mstari kwa mstari. Walikuwemo mafundi wa miji asiyoijua, na wauzaji, na hata bondia mmoja mwenye jina la mizani. Yeye hakuwemo.

Wakamwita mjukuu. Mjukuu akaja na mafuta ya nywele mikononi, akatazama simu ya wifi, akatazama ya kwake. Halafu akaeleza, macho yake yakiwa chini. Picha ya bibi aliipandisha yeye, na kila siku kabla ya kufungua kazi huwa anaifungua aitazame, mara mbili, mara tatu. Simu imeshamzoea. Imejua anachokipenda, basi inamwekea mbele. Hakufanya kwa hila, yeye alidhani kila mtu anaona hivyo.

Wifi alikuwa wa kwanza kupata la kusema. Akavuta kigoda, akateremsha sauti. Nani atajua, akauliza. Kesho nenda na simu ya mtoto, iwashe, waone picha, kura zipigwe, mambo yaishe. Mkubwa unampendelea wakala na hakuna anayelalamika, sasa Mdogo ukimpendelea wifi yake kuna ubaya gani?

Bibi Mizani aliitundika mizani ya vitunguu kwenye kulabu, akachukua jiwe la kilo mbili kwa kitambaa, akaliweka, na mshale ukasimama gramu arobaini mbele. Miaka yote ile walikuwa wakija watu chumbani mle, wanatazama nyuma kwanza, kisha wanamnong'oneza: ilegeze kidogo mama, kidogo tu, upande wangu. Wengine walikuja na tabasamu, wengine na zawadi. Wote aliwaonyesha mlango, na mmoja alimwonyesha kwa tupa. Sasa alijiona amesimama upande wa pili wa benchi, ndiye anayenong'ona.

Aliirekebisha mizani ya wifi mpaka mshale ukalala palepale penye mbili. Kisha akamwambia kwamba kesho atahitaji kuazima simu yake.

"Ya nini?" wifi akauliza.

"Niipime."

Wifi alimtazama kama mtu anayemtazama mwenziwe akiingia majini na nguo. Akasema kama ni hivyo aanze kabisa kukusanya makopo yake, na akatoka na mizani begani bila kuaga, wala hakusema kama simu ataileta au hataileta.

Alhamisi saa tisa kamati ilikaa katika ghala la nafaka, nusu kwenye mabenchi na nusu juu ya magunia. Walikuwa kumi na wawili, na nyuma yao wafanyabiashara waliosimama walijaa hadi mlangoni. Mwenyekiti alikuwa muuza kamba, mzee wa makamo mwenye tabia ya kufumba macho akisikiliza, hata wageni wakadhani amelala. Wakala wa mizani za betri naye alikuwepo, tai shingoni, sanduku miguuni. Katibu akaeleza shauri lake vizuri, kwa mapana na marefu, akasoma majibu kumi ya Mkubwa moja baada ya jingine. Hakutia chumvi, kila neno lilikuwa limeandikwa kwenye simu. Alipokaa, Bibi Mizani aliona mabega ya muuza mchele yameshuka.

Mwenyekiti, macho yamefumbwa, akauliza kama Bibi Mizani ana neno.

Alisimama. Akajishikiza kwenye gunia. Aliwaambia kwamba yeye darasa aliliacha mapema na hayo ya mitandao hayajui, ila kupima anakujua. Mizani ikija kwake, yeye haiulizi kwanza jambo asilolijua. Huipa jiwe. Mitambo hii ya kutafutia mnataka iamue kazi ya watu humu ndani, basi naomba tuipe mawe kwanza, tuulize mambo ambayo sisi sote tunayajua, tuone inasemaje. Akaomba simu ya katibu yenye Mkubwa na simu ya msusi yenye Mdogo. Mwenyekiti akatoa ya kwake mfukoni bila kufumbua macho. Ilikuwa ya zamani, ina mtambo wa tatu ambao hata yeye hakumbuki uliingiaje. Watu wakauita Mgeni hapohapo.

Swali la kwanza likawa: soko hili linafunguliwa siku gani? Katibu aliandika kwenye zote tatu kwa mkono wake, pasiwe na la kusema. Mdogo ukajibu sawasawa, siku zote saba. Mkubwa ukasema Jumapili pamefungwa. Mgeni ukasema soko hili limefungwa moja kwa moja.

Mwenyekiti akafumbua macho. "Sasa mimi hapa nimekalia nini?"

Ghala zima likacheka, hata wakala. Swali la pili: mwenyekiti wa soko ni nani? Mkubwa ukamtaja yeye barabara. Mdogo ukamtaja mtangulizi wake, aliyezikwa miaka minne iliyopita. Mgeni haukuwa na habari, ukaleta bei za viti. Hapo watu walishaanza kusogea mbele, waliokuwa mlangoni wakapanda juu ya magunia, na kila jibu lililosomwa lilipokelewa kama bao. Wa Mkubwa walishangilia la mwenyekiti. Wa Mdogo walijibu kwamba angalau wa kwao unajua Jumapili.

Swali la tatu alilitaja Bibi Mizani mwenyewe: fundi mizani bora. Mkubwa ukamweka wakala mbele, na katibu alipoombwa asome kila kitu, hata maandishi madogo, akakuta juu ya jina la wakala neno moja jembamba la kijivu: tangazo. Alilisoma kwa sauti, kisha akalirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mgeni ukaleta duka la nchi nyingine. Halafu ikaja zamu ya Mdogo, kwenye simu ya msusi, na picha ya Bibi Mizani ikatokea, miwani puani, na ghala likalipuka kwa makofi. Muuza mchele alikuwa anampigapiga mgongoni jirani yake kana kwamba jirani ndiye aliyeshinda.

Angeweza kukaa pale. Kura zilikuwa zimekwisha kugeuka, aliziona usoni mwa watu. Alingoja makofi yapungue, hayakupungua upesi, akainua mkono.

"Msipige makofi," akasema. "Huu nao unapunja. Unapunja upande wangu."

Msusi akainamisha kichwa. Bibi Mizani akageuka kutafuta uso mmoja kwenye umati, na kwa muda asiuone. Kisha watu wa nyuma wakapishana, na wifi akaja mbele akivunja njia kwa kiwiko, simu ameishika juu kama taa. Alimpa bila kumtazama. Akawaambia watu kwa jumla kwamba wifi yake ana kichaa cha ukoo wa kwao, hakikuletwa na ndoa, waelewe hivyo.

Katibu akaandika maneno yaleyale kwenye Mdogo uleule, kwenye simu ya wifi. Akashuka. Akashuka tena. Bibi Mizani hayumo. Ndipo bibi mwenyewe akaeleza yote: picha aliyoipandisha mjukuu, simu iliyomzoea mwenyewe, na siku mbili alizotembea sokoni kichwa kimemvimba kwa sifa alizopewa na mtu wa nyumbani kwake. Hakujitetea. Wakala alijikohoza, akasema kwa upole kwamba kumbe basi hata mama mwenyewe amekiri.

"Nimekiri," akajibu. "Sasa tuendelee na kazi."

Akawauliza kama kuna aliyewahi kupima kwa mizani ya sahani mbili huku akijua mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Muuza nafaka mmoja mzee akainua kidole: unapima mzigo sahani ya kulia, kisha unauhamishia ya kushoto unapima tena, na tofauti inakuonyesha uongo wa mizani. Ndivyo, akasema Bibi Mizani. Mizani isiyoegemea popote yeye hajaiona katika miaka thelathini na moja. Kinachotakiwa ni kujua upande inaoegemea, na kuugeuza mzigo. Akamgeukia katibu, akamwita mwanangu, akamwambia swali aliloliuliza lilikuwa limekaa sahani moja tu. Aliuliza kwa nini mizani za chemchemi zinapunja. Aliyeulizwa hivyo atajibu kwa nini. Hebu alihamishe.

Katibu alielewa kabla hajamaliza. Ungemwona alivyobadilika uso. Aliandika: kwa nini mizani za betri zinapunja? Mkubwa uleule, simu ileile, ikamletea majibu kumi yamepangana kama matofali. Betri ikichoka zinapunja. Meza ikiinama zinapunja. Upepo ukivuma zinapunja, na kuna hata kitufe cha siri. Alisoma matatu, la nne akaacha, akafuta jasho jembamba juu ya mdomo.

"Kwa hiyo ulikuwa unanijibu nilichotaka," aliiambia simu, si watu.

Bibi Mizani akasema sasa liulizwe swali lisilokaa sahani yoyote: sheria ya mizani za sokoni. Mitambo yote mitatu. Na wasisimame kwenye la kwanza, washuke, wakiruka kila lenye tangazo, mpaka wamkute mwenye sheria yake. Kwenye Mdogo walimkuta wa pili. Kwenye Mkubwa, wa nne baada ya kuruka matangazo. Kwenye Mgeni, wa saba, chini ya bei nyingine za viti. Lakini ulikuwa ukurasa mmoja, wa ofisi ya vipimo ya serikali, na maneno yaleyale, na kwa mara ya kwanza tangu saa tisa ile mitambo mitatu ilisema kitu kimoja.

Katibu alisimama kuusoma. Mizani ya aina yoyote, iwe ya chemchemi, ya sahani au ya betri, inaruhusiwa sokoni mradi ipimwe kila mwaka na fundi mwenye mawe yaliyogongwa muhuri wa ofisi hiyo. Isiyopimwa, ya aina yoyote, hairuhusiwi.

Mwenyekiti akauliza, macho wazi kabisa sasa, ni nani katika wilaya hii mwenye mawe ya namna hiyo. Hakukuwa na haja ya kulitafuta hilo kwenye simu. Muuza mchele na fundi viatu walikwenda wenyewe chumba namba tisa wakalibeba sanduku kwa pamoja, mmoja kila upande, kama wanabeba bibi harusi, na Bibi Mizani akalifungua mbele ya kamati na kulionyesha jiwe kwa jiwe, kila moja na muhuri wake mgongoni, wa karibuni wa mwaka huohuo. Kila baada ya miaka miwili alikuwa akiyapeleka mwenyewe, safari ya siku nzima, na hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuwahi kuulizwa.

Wakala aliomba mizani yake nayo ipimwe. Labda alitegemea ataonewa. Bibi Mizani aliiweka mezani, akaisawazisha miguu, akaipa kilo mbili, ikasema kilo mbili. Akaipa gramu mia, ikasema gramu mia. Akaigeuza, akairudia, akaitazama kwa jicho la fundi anayeona kazi ya fundi mwingine, akaiambia kamati kwamba hii ni mizani nzuri na anayeitaka ainunue.

"Ila kila mwaka italetwa kwangu," akamwambia wakala. "Namba tisa. Asubuhi hakuna foleni."

Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa, na wa kwanza kuvipiga alikuwa wifi, aliyevirusha juu mpaka njiwa wakatoka kwenye paa la ghala. Kura zilipigwa kwa mikono. Mikono kumi na miwili, na wa katibu ulitangulia wote. Mizani za chemchemi zikabaki, chumba kikabaki, na Bibi Mizani akaandikwa rasmi kuwa mpimaji wa soko, wa kuigonga muhuri kila mizani aliyoipima. Katibu akauliza jambo moja zaidi kabla ya kufunga, na aliliuliza kama mwanafunzi: kati ya Mkubwa, Mdogo na Mgeni, kamati itumie upi?

Bibi Mizani alifikiri. Alisema Mkubwa unajua watu lakini unamheshimu mno anayelipa. Mdogo una adabu lakini humpa mwenyewe anachokipenda, na umechelewa kupata habari za misiba. Mgeni ni mvivu, ila ulipotafutwa hadi chini nao ulikuwa na ukweli. Usichaguliwe mmoja. Kwa neno lolote la kumwondoa mtu kazini iulizwe miwili kwa uchache, swali ligeuzwe pande zote, na isomwe mpaka apatikane mwenye neno lake. Katibu aliandika yote kwenye kumbukumbu za kikao, na pale pa chanzo akaandika: Bibi Mizani, chumba namba tisa, ghalani, mbele ya watu.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na foleni. Mizani sitini na nne za soko zilikuwa zinataka muhuri wa mwaka, na wenyewe walizibeba begani, kichwani, kwenye toroli, mstari ukapita choo cha umma ukakata kona kwa muuza kamba. Wakala alikuwa wa tisa, amelegeza tai, anazungumza na fundi viatu habari za chemchemi. Katibu alikuja kuandika namba na akasahau kuondoka. Wifi alijaribu kupita mbele, akidai ndugu hapangi mstari, tena yake ilikwisha kupimwa Jumatano.

"Ya Jumatano haikuwa na muhuri," Bibi Mizani akamwambia kutoka ndani. "Rudi nyuma, wifi."

Akarudi nyuma akilalamika kwa sauti ya kusikika na kila mtu, akimweleza kila aliyempita jinsi alivyomwokoa wifi yake jana kwa simu yake mwenyewe, na kila aliposimulia, ghala lilizidi kujaa na njiwa walizidi kuwa wengi. Ndani, Bibi Mizani alikunja mikono ya koti, akaitundika mizani ya kwanza, na akamwita mwenyewe aingie.